Msiba Mmoja, Sufuria Mbili

Hapa kijiweni Mtendeni kuna swali ambalo likitupwa tu, wazee wanasonya: Tabora ni mji wa Waislamu au wa Wakristo? Mara nyingi linaletwa na mgeni aliyeshuka treni alfajiri, vumbi la behewa bado liko kwenye kola. Anakaribishwa benchi chini ya mwembe, anapewa kahawa chungu na kashata, anaulizwa habari za atokako, naye kabla hajamaliza kujibu analitoa hilo. Msonyo. Tena ule mrefu, unaoanzia kwenye meno na kuishia kwa mtu kutazama pembeni.

Wiki hii aliyeuliza ni mtoto wetu wenyewe, kijana wa bodaboda. Kaegesha pikipiki, kafungua simu, kaanza kutusomea habari za Marekani. Anasema Walatino, watu wenye asili ya Mexico, Guatemala, Puerto Rico na kwingineko upande ule, wanauhama Ukatoliki. Kituo cha utafiti cha Pew kilikuta mwaka 2010 kuwa asilimia 67 ya watu wazima wa jamii hiyo ni Wakatoliki. Mwaka 2022 kikakuta wamebaki asilimia 43. Wasiojihesabu kwenye dini yoyote wamepanda kutoka asilimia 10 hadi 30. Wengine wameingia makanisa ya kilokole. "Sasa na sisi hapa Tabora," akauliza, "tumebadilika kiasi gani? Nani wengi?"

Mwalimu mstaafu akaweka kikombe chini. "Hao wamehesabiwa, mwanangu. Wewe nani kakuhesabu?"

Swali la mwalimu lina uzito. Sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania dini yake ni ya mwaka 1967. Ile ya 1978 haikuuliza, wala ya 1988, 2002, 2012 na 2022. Marekani nako karani wa sensa hamlazimishi mtu kusema dini yake. Sheria yao ya mwaka 1976 inakataza. Tofauti ni kwamba kule zipo taasisi binafsi zinazopita kuuliza mwaka hadi mwaka, na hapa kwetu kila upande unajihesabu wenyewe na kujiongezea. Mwaka 2012 jambo hili lilileta kelele nchi nzima. Baadhi ya masheikh na taasisi walihimiza Waislamu wagome kuhesabiwa mpaka kipengele cha dini kirudi kwenye dodoso, kwa kuwa takwimu zilizokuwa zikisambaa zilionyesha Wakristo ni wengi na hakuna aliyejua zimetoka wapi. Madai yao nayaelewa. Anayehesabiwa na mwenziwe gizani ana haki ya kuuliza taa iko wapi. Lakini mimi nasimama na waliokiondoa kipengele kile, na sababu yangu naipata humu humu mtaani.

Hebu chukua nyumba moja ya hapa kwetu, sitaitaja. Bibi mwenye nyumba ni Mwislamu wa tangu babu zake, akikaa na tasbihi usiku utamsikia anavyovuta uradi. Marehemu mumewe alikuwa Mmoraviani kutoka Sikonge. Mtoto wa kwanza alisomeshwa na mapadri, akabatizwa Mkatoliki. Wa pili alifuata dini ya mama yake. Wa tatu ameokoka, anasali kwenye kanisa la mabati karibu na gulio. Mjukuu wa kiume amerudi chuoni na suruali iliyokatwa juu ya kifundo cha mguu, anamwambia bibi yake kwamba maulidi aliyoyasoma miaka yote ni bidaa. Wote wanachota maji kwenye ndoo moja. Karani wa sensa akifika mlangoni, mkuu wa kaya ataandikishwa dini ipi, na akishaandikwa, wale wengine wamekuwa wa nani?

Tabora imeanza hivyo, haikuharibika juzi. Wanaodhani kulikuwa na Tabora safi ya dini moja, ikavurugwa na wageni, hawajui mji wao. Mji huu umejengwa na wageni kwenye nchi ya Wanyamwezi, na Wanyamwezi wenyewe ndio waliokwenda kuwaleta.

Waarabu wa Oman ndio walioweka makazi hapa Kaze, na mmoja wao, Snay bin Amir, aliwapokea wasafiri Burton na Speke walipopita Novemba 1857; wengi wa Waarabu hao walikuwa Ibadhi. Walikuja kutafuta pembe, na kusilimisha watu haikuwa kazi yao. Walioleta Uislamu vijijini ni wapagazi wetu. Mnyamwezi alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, miezi njiani, akakaa pwani, akaona watu wanavyosali, wanavyozika, wanavyovaa, akarudi na kanzu na jina jipya. Baadaye zikaja tarika, Kadiriya hasa, na dhikri zake zikampokea kila mtu: aliyekuwa mtumwa, mwanamke, Mmanyema aliyetoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Pale ndipo Uislamu ulipokuwa wa watu. Na ndoa zilikuwa zimetangulia. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, aliishi hapa jirani akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Binti wa ikulu ya Unyanyembe na mfanyabiashara wa Kiislamu, nyumba moja, wakati mizimu ya watemi bado inatambikiwa. Nani walikuwa wengi ndani ya nyumba ile?

Watalii wakija wanapelekwa Kwihara kuonyeshwa tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, wanaondoka wakidhani Ukristo uliingia na wazungu hao wawili. Livingstone hakuacha kanisa hapa. Mapadri Weupe ndio walioingia na msafara wao mwaka 1878, wakaweka kituo Kipalapala, na waumini wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Hao watoto hawakuwa Wanyamwezi wote. Walikuwa wametoka kila upande ambao msafara uliwahi kupita. Kanisa Katoliki la Tabora, ambalo mwaka 1953 lilipandishwa kuwa jimbo kuu, lilianza na watoto wasio na kwao. Hata leo, Kardinali Protase Rugambwa, aliyevikwa ukardinali Septemba 2023 akiwa askofu mkuu mwandamizi wa hapa, ni mtu wa Bukoba, na Askofu Mkuu Paul Ruzoka kabla yake alitoka Kigoma. Wamoraviani nao walipokea mwaka 1898 kituo cha Urambo kutoka kwa Wamisionari wa London waliochoka na vifo vya homa. Kila mmoja amekuja. Reli ya Wajerumani ilipofika mwaka 1912 ikashusha Wagoa na misa zao, Ismailia na jamatikhana yao, Wahindu, Singasinga mafundi wa injini. Wengi wao waliondoka baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971, na nyumba zao za baraza bado ziko mjini zikiwa na majina ya watu ambao wajukuu wao wanaishi Toronto na Leicester.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wa hapa hawalijui kabisa, nalo linaniuma. Mwaka 1934 Sheikh Mubarak Ahmad alitoka Bara Hindi akaja Afrika Mashariki, akaifanya Tabora kuwa kituo cha jumuiya ya Ahmadiya. Waislamu wengi wa mji walimpinga, na mpaka leo hawakubaliani naye kwenye misingi ya imani. Lakini tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili aliyoisimamia, iliyotoka mwaka 1953, ilisomwa na marafiki na wapinzani. Mmoja wa waliokuwa naye ni Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji aliyesoma hapa Tabora, mshairi, ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi hakuna mtunzi asiyekijua. Baada ya uhuru Waziri wa Sheria alikuwa Abdallah Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe, Mwislamu wa ukoo ule ule wa Karunde. Muda mfupi baadaye wizara hiyo hiyo ikashikwa na Amri Abedi, Mwahmadiya. Kiongozi aliyewateua wote wawili alikuwa Mkatoliki, Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha shule ya Mtakatifu Maria hapa hapa Tabora, na akarudi Januari 1958 kuwaomba wajumbe wa TANU wakubali uchaguzi wa kura tatu. Wakati ule mtu akisimama kwenye mkutano, watu walisikiliza hoja yake. Siwapambi wazee wetu, walikuwa na ugomvi wao mwingi. Ila ugomvi wa idadi hawakuupa nafasi.

Tumrudie kijana na Walatino wake. Alipoona mwalimu amemkatisha, alisonya na yeye, kidogo, kwa adabu, halafu akasema lile lililomfanya asome habari ile kwanza. Yeye mwenyewe ameokoka. Mama yake, Mwislamu, bado hajui.

Kijiwe kilitulia. Fundi cherehani akasimamisha mguu kwenye pedeli. Hakuna aliyemkemea, na hilo nilifurahi kuliona. Sheikh mmoja mzee, aliyekuwa anacheza bao, alimwambia tu, "Kamwambie mwenyewe, usingoje aambiwe sokoni. Na mchukue mjomba wako mwende pamoja." Akarudi kwenye kete zake.

Nilichotaka kumwambia kijana yule ni kwamba njia iliyomfikia ni ndefu kuliko anavyodhani, na imepitia kwa hao hao anaowasoma kwenye simu. Ulokole wa kunena kwa lugha ulishika moto Aprili 1906 mtaa wa Azusa, Los Angeles, kwenye jengo bovu, chini ya mhubiri mweusi William Seymour, mtoto wa watu waliozaliwa utumwani. Waliokusanyika walikuwa weusi, weupe, na Wamexico tangu siku za mwanzo. Kabla ya mwaka kwisha habari ile ilikuwa Norway, mwaka uliofuata Sweden. Miaka ya 1930 Waswidi wa Kipentekoste wakaingia Burundi na Tanganyika. Mwaka 1972 Burundi ikachinjana, makumi ya maelfu wakakimbilia kwetu, na Serikali ikawapa ardhi Katumba, Mishamo, na Ulyankulu, huku huku mkoani Tabora. Walikuja na dini zao zote: Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste. Makazi yakapimwa kwa barabara zenye namba, na watu wakaimba kwa namba hizo. Nani hapa hajui Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu? Kanda zao zilipigwa kwenye mabasi, kwenye vibanda vya kinyozi, hata kwenye nyumba ambazo asubuhi watoto walikwenda madrasa. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale walikamilishiwa uraia wa Tanzania. Ni raia. Ni wa hapa. Mtu akiniambia ulokole umeletwa Tabora na wageni, namuuliza kitu gani hapa hakikuletwa na wageni.

Na mkoa umefurika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,291,623 mkoa mzima. Ya 2022 ikahesabu 3,391,679. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka 10. Wengine wamezaliwa, wengine wamehamia. Wasukuma wanashuka na ng'ombe kutafuta malisho Kaliua na Sikonge, na wengine wao wanakuja na kanisa lao la AIC. Waha wanakuja mashamba ya tumbaku kwa msimu, msimu unakuwa maisha. Sasa hivi reli mpya imeleta vijana wa mikoa yote, wanapanga vyumba Ipuli na Kiloleni, wanapika kwenye majiko ya mkaa vibarazani, hawamjui mtu.

Kijana wa namna hiyo akiugua, nani anamjua? Parokia ina maelfu ya waumini na padri ni mmoja au wawili. Msikiti wa mtaa una wazee wanaojuana kwa koo. Lile kanisa la mabati lina watu wachache, mchungaji anajua jina lake, anajua chumba chake, akikosekana ibada ya Jumatano watu wawili wanakuja kugonga mlango. Wamletee uji. Wamtafutie kibarua. Ndivyo ilivyo Los Angeles na Chicago kwa Mmexico aliyefika juzi, na ndivyo ilivyo Kiloleni kwa kijana wa Kasulu. Wazee hapa wakisonya wakasema makanisa yale ni biashara, nawaambia baadhi ni biashara kweli, tumeona wanaouza maji na mafuta, na aibu hiyo wanaijua wenyewe. Lakini waliouacha mlango wazi ni sisi. Kijana wa bodaboda alilazwa hospitali mwaka jana baada ya ajali. Waliokwenda kumlisha si sisi wa kijiweni tunaomwita mwanetu.

Sasa nifike panaponiuma zaidi. Mabadiliko ya dini siyaogopi. Ninachokiona, na ambacho hakuna sensa itakayokipima, ni kwamba dini mpya zinazokuja kwa pande zote mbili zinafanana tabia. Mlokole anamwambia mama yake kuwa arobaini ni kulisha mizimu. Kijana wa Ansari, kama yule mjukuu wa suruali iliyokatwa, anamwambia bibi yake kuwa hitima ni bidaa. Ukiwaweka pamoja hawatasalimiana, lakini wote wawili wanagombana na sahani ile ile. Na sahani hiyo ndiyo iliyokuwa inatuweka pamoja.

Niliona mwenyewe msiba mmoja mwaka huu. Marehemu alikuwa mstaafu wa reli, Mwislamu, watoto wake wamegawanyika kama wa nyumba ile niliyoieleza. Siku ya mazishi hapakuwa na shida. Kaburi lilichimbwa na mchanganyiko wa watu, kijana wa kwaya akiwa shimoni na sheikh akimpokelea udongo juu. Watani wakafanya vituko vyao, Mgogo mmoja akalala mlangoni akidai hapiti mtu mpaka apewe hela, watu wakacheka na kulia. Shida ilianza chakula kilipoiva. Uani palikuwa na sufuria kubwa la pilau. Pembeni, kwenye mafiga mengine, palikuwa na sufuria dogo la wali mweupe na maharage, lililopikwa na wake wa watoto waliookoka, kwa ajili yao na wageni wa kanisani kwao. Kwa kuwa pilau ile ilisomewa dua. Na kulikuwa na mjukuu, naye mwenye suruali ya kukatwa, ambaye hakula lolote, akakaa nje ya uzio na wenzake wawili mpaka watu walipotawanyika.

Mjane alilitazama lile sufuria dogo akauliza, "Hili la nani?" Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena. Mkwe wake akasema, kwa sauti ndogo na kwa heshima zote, "La wageni wetu, mama." Mjane akasema, "Na mimi nilikuwa mgeni wa nani?"

Mtu akija kuniambia dini inamkataza kula pilau ile, simlazimishi. Imani ni ya mtu na Mungu wake, na nimeishi miaka mingi kutosha kujua kuwa aliyeokoka kwa kweli hajaokoka kwa ajili ya kumuudhi mama yake. Hata kijana wa Ansari, ukikaa naye, amesoma, ana aya zake, ana uchungu wa kuona dini inachanganywa na uganga. Baba zetu wengine walitoka kwenye hitima wakaenda kwa mfumu, yaani mganga, au wakaingia kwenye chama cha mizimu cha Baswezi usiku, na asubuhi hawakuona tatizo. Yeye anaona tatizo. Ana haki.

Nisichokubali ni sufuria la pili kuwashwa bila mtu kuambiwa. Kwetu hapa, tangu zamani, jambo hili lilikuwa na dawa yake. Harusi ya Mkristo, ng'ombe anaitiwa Mwislamu amchinje, ili kila atakayefika ale. Mkristo hakuona kwamba amepungukiwa. Alikuwa anawafungulia mlango jirani zake. Siku za karibuni wapo wanaoona hilo ni unyonge, wanataka bucha lao na kisu chao. Tumeona linakofika. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulimwaga damu ya mchungaji. Si mbali na sisi. Wasukuma wenzetu wanaokuja hapa na ng'ombe wanakumbuka. Huko nako ugomvi ulianzia kwenye nyama ya kula, sakramenti na shahada hazikuhusika.

Na baada ya chakula kuna jambo zito kuliko chakula, nalo ni maiti. Watu wanabadili dini kimyakimya. Kijana anabatizwa mtoni na kanisa lisilojulikana na ndugu. Binti anasilimu aolewe, hasemi kwao Urambo. Siku akifa, pande mbili zinafika na sanda na jeneza. Mara ngapi tumesikia mwili umekaa chumba cha maiti siku kadhaa, ndugu wako polisi, ndugu wengine mahakamani, wanagombea nani azike? Mila za Kinyamwezi zilikuwa na jibu, mwenye ukoo ndiye mwenye maiti. Msikiti una jibu. Kanisa lina jibu. Majibu hayo hayajawahi kukaa meza moja, na yanakutanishwa kwa mara ya kwanza mlangoni kwa wafiwa, watu wakiwa wamechoka na kulia.

Ndiyo maana nilipendekeza kijiweni, na nalirudia hapa kwa maandishi. Mwenyekiti wa mtaa ana daftari la wakazi. Kipengele cha dini asikiweke, hilo nimeshasema. Aweke daftari la pili, la hiari, ambalo mtu mzima yeyote atakwenda kuandika anataka azikwe na nani na kwa utaratibu gani, mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa ukoo wake na mmoja wa imani yake. Akibadili mawazo, anarudi kubadili. Akifa, daftari linafunguliwa kabla sanda haijanunuliwa. Na liandikwe pia nani achinje na sufuria ziwe ngapi; kama ni mbili, basi mjane aambiwe mapema, na wa sufuria dogo waje kuketi jamvi moja na wa sufuria kubwa, kila mtu na sahani yake mkononi.

Wazee walisonya kidogo, kwamba hakuna Mnyamwezi atakayekwenda ofisini kuandikisha kifo chake akiwa mzima. Mwalimu akasema yeye atakuwa wa kwanza. Sheikh wa bao akasema daftari likae kwa mtu anayejua kutunza siri, akapendekeza lisiwe ofisini kabisa, likae kwa muuguzi mstaafu wa mtaa wa pili ambaye ameshawahifadhia watu siri kubwa kuliko hiyo. Viongozi wa jumuiya ndogondogo za Wakatoliki wamekubali kukutana Jumamosi baada ya sala ya alasiri, imamu wa msikiti wetu amekubali, mzee wa Moravian amekubali. Vijana wa Ansari wamesema watakuja kusikiliza. Mchungaji wa kanisa la mabati hajajibu. Nitamfuata mwenyewe Jumatano kabla ya ibada, niombe dakika tano mbele ya watu wake.